Matbaa Iliyouzwa Mombasa

Ukipita Ngamiani, hapa Tanga, asubuhi, kabla jua halijakaza, utasikia mashine ya kupiga chapa ikigonga nyuma ya duka. Chungulia ndani. Utamkuta baba anakata karatasi, mama anahesabu vitabu vya risiti, na kijana amekaa mbele ya kompyuta akipanga kadi ya harusi ya watu wa Pongwe au wa Muheza. Uchapaji kwetu ni biashara ya nyumba. Huanza na mtu mmoja na mashine moja kuukuu, hukua kwa jasho la mke na watoto, na siku moja huja mtu mwenye fedha zake akauliza: je, mtaniuzia?

Ni kwa ajili ya swali hilo nimeona niwasimulie kisa hiki. Ni cha kweli. Kilitokea Mombasa, kwa jirani zetu wa pwani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Aliyekumbwa nacho alikuwa mfanyabiashara hodari kuliko wengi wetu, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu. Ikiwa mtu kama yule aliteleza, mimi na wewe tusimamie wapi?

Jina lake ni Alibhai Mulla Jeevanjee. Alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamii ya Mabohora, akafika Mombasa mwaka 1890, wakati kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu zile ilipokuwa inahitaji watu wa kazi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, yeye alikuwa tayari ameshaota mizizi. Kampuni yake ilishiriki kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, ikapata zabuni za chakula, ikajenga majengo ya serikali na ya reli. Wahindi walioletwa kwa ajili ya reli ile walizidi 30,000. Hebu fikiria ni magunia mangapi ya mchele, dengu na unga yaliyohitajika kuwalisha watu wote hao, na fedha iliyopita mikononi mwa aliyepewa zabuni. Baadaye Nairobi ilipoanza kuinuka, Jeevanjee alijenga soko mwaka 1904, na mwaka 1906 akautolea mji ule bustani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Mtu huyo ndiye aliyeanzisha, Novemba 1902 mjini Mombasa, gazeti la kila wiki la Kiingereza lililoitwa African Standard. Alimwajiri Mwingereza, W.H. Tiller, awe mhariri.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe ilivyokuwa zama zile, maana vijana wetu wa leo wamezoea kubonyeza kitufe. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi. Mpanga herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, akaokota herufi moja moja, akazipanga kinyumenyume, mstari kwa mstari, hadi ukurasa ukajaa. Kisha wino, kisha karatasi, kisha mkandamizo. Karatasi ilikuja kwa meli. Ikichelewa, gazeti nalo likachelewa. Hapa kwetu Tanga, enzi za Wajerumani, shule ya serikali ilikuwa na matbaa iliyotoa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, na vijana wa Kiafrika walijifunzia humo kazi ya chapa. Kwa hiyo pwani hii imeujua uchapaji mapema, na imeujua kama ufundi wa mikono, si kama bidhaa ya kununua na kuuza tu. Nawaomba mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Miaka mitatu baada ya kulianzisha, mwaka 1905, Jeevanjee aliliuza gazeti lake. Walionunua ni wawili, Mayer na Anderson. Wakalipa jina jipya, East African Standard.

Msomaji ataniuliza, kosa liko wapi? Mtu kauza mali yake. Kwa hesabu za mkandarasi, kuuza kulikuwa na maana. Alikuwa na majengo ya kumalizia, viwanja vya kuendeleza na zabuni za kufuatilia. Gazeti ni kitu kinachokula muda na fedha kila wiki, na faida yake huja polepole. Mimi simlaumu kwa kutaka kupunguza mzigo. Ila nikiitazama ile miaka mitatu naona dalili ambazo zilikuwa wazi, na ambazo mtu mwenye shughuli nyingi huzipita bila kuzisoma.

Ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba yake. Jeevanjee hakuwa mhariri wala mchapaji. Alikuwa mkandarasi. Matbaa ilikuwa yake, lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa mwajiriwa. Aliyeamua habari ipi iende mbele na ipi itupwe, aliyejua wateja kwa majina, aliyejua gazeti linasimama kwa nini na linaweza kuanguka kwa nini, alikuwa mtu mwingine. Sisemi Tiller alikuwa mtu mbaya. Nasema kwamba mwenye mali asiyeijua kazi ya mali yake huiona kama namba tu katika daftari, na namba ni rahisi kuifuta.

Mimi mwenyewe najua jinsi jambo hili linavyomnyemelea mtu. Kwa miaka kadhaa nilishirikiana na jamaa zangu katika duka dogo la uchapaji. Tulikuwa na fundi mzuri, mkimya, mwaminifu. Tulimwachia kila kitu: kuchanganya rangi, kubadilisha pleti, kuagiza karatasi, hata kupanga bei na wateja wakubwa. Siku alipougua na kulazwa, tulikaa siku kumi tukitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutoa kitabu kimoja cha risiti kilicho sawa. Wateja walipokuja walimwulizia yeye. Sisi hata majina yetu hawakuyajua. Siku zile ndipo wazo la kuuza lilipoanza kuzungumzwa mezani kwetu, na nakiri kuwa mimi nilikuwa wa kwanza kulitaja. Fundi alipona, tukashukuru Mungu. Lakini tulikuwa tumeonywa kwa muda mrefu. Kila mara mteja alipopita mbele yetu bila salamu ya maana na kwenda moja kwa moja kwa fundi, lile lilikuwa onyo, na sisi tuliliona kuwa nafuu.

Dalili ya pili ilikuwa kwa wasomaji. African Standard liliandikwa kwa Kiingereza. Waliosoma Kiingereza katika nchi ile mwaka 1902 walikuwa wengi wao maofisa, mawakala wa meli, wafanyabiashara wa Kizungu, na walowezi walioanza kumiminika. Wahindi wa Mombasa walinunua na kuuza kwa Kigujarati na Kiswahili. Waswahili wa Mji wa Kale walisoma kwa herufi za Kiarabu. Tangu toleo la kwanza, basi, gazeti lilikuwa na mwenyewe mmoja na wasikilizaji wengine kabisa. Biashara ya namna hii humvuta mwenye nayo kidogo kidogo kuelekea kwa anayelipa. Na asipovutwa yeye, huvutwa biashara.

Ya tatu ilikuwa nje, na ndiyo ninayotaka tukae nayo kwa muda. Miaka ile mitatu nchi ilikuwa inageuka. Mwaka 1902 ilitoka sheria ya ardhi ya serikali iliyofungua njia ya kugawa mashamba makubwa. Mwaka huohuo tauni iliingia Nairobi, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu. Mwaka 1903 Lord Delamere alikuja kukaa, na walowezi wenzake wakaanza kujipanga katika vyama vyao na kudai nyanda za juu ziwe zao peke yao. Mwaka 1905, mwaka uleule wa mauzo, utawala wa nchi ulihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwenda Wizara ya Makoloni, na ofisi kuu za serikali zikawa zinahama kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kila aliyekuwa na macho aliweza kuona kwamba unakuja wakati wa mabishano makubwa: nani atamiliki ardhi, nani atakaa wapi, nani atakuwa na kura. Katika mabishano kama hayo, mwenye matbaa ndiye mwenye mdomo. Na katika mwaka ule hasa, Jeevanjee aliuachia mdomo wake.

Sidhani kama alijua alichokuwa akikiuza. Nadhani aliona mashine, sanduku za herufi, karatasi za akiba na orodha ya waliojiandikisha. Vitu hivyo vina bei na mtu hufanya hesabu. Kilichokuwa kinatoka nyumbani mwake bila kuandikwa katika hati ya mauzo ni ule uwezo wa kusema asubuhi na kusikika jioni.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini alikuwa peke yake mle ndani, na East African Standard, mtoto wake wa zamani, lilikuwa limekua na kuwa sauti ya walowezi. Mwaka 1910 lilihamia Nairobi na kuwa gazeti la kila siku. Mwaka huohuo mwanzilishi wake alikuwa London, akizungumza na waandishi wa Daily Chronicle ili malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki yapate kusikika. Mwaka 1912 alitoa kijitabu cha kuwatetea, na kijitabu kile kilipigwa chapa Bombay. Mtu aliyekuwa na matbaa yake hatua chache kutoka bandari ya Mombasa sasa ilimbidi avuke bahari, huku na huku, kutafuta mahali pa kuchapishia maneno yake mwenyewe.

Machi 1914 Mombasa ilishuhudia mkutano wa kwanza wa kongamano la kitaifa la Wahindi wa Afrika Mashariki, na Jeevanjee akawa rais wake. Chama kikaundwa, gazeti halikuwepo. Ilibidi kungoja hadi Manilal Desai alipoanzisha East African Chronicle mjini Nairobi mwaka 1919. Desai hakuhubiri haki za Wahindi peke yao. Harry Thuku alipoanza kudai haki za Waafrika, mkono wa kwanza wa msaada wa uchapaji aliupata huko. Lakini Chronicle lilikuwa changa na maskini, na mwaka 1922 likafa. Upande wa pili, gazeti lililouzwa lilikuwa na miaka 20, mashine nzuri, matangazo ya biashara na mizizi. Mwaka 1923, Waingereza walipotoa tamko kuhusu Kenya na kuziacha nyanda za juu mikononi mwa Wazungu, Wahindi walikuwa wameingia katika shauri zito kuliko yote bila gazeti lenye nguvu lililo lao.

Na matbaa yenyewe iliendelea kukua, nasi wa upande huu ilitufikia. Kampuni ya Standard ilivuka mpaka ikaanzisha Tanganyika Standard mjini Dar es Salaam, toleo la kwanza likitoka tarehe 1 Januari 1930. Wazee wetu waliofanya kazi za ukarani katika mashamba ya mkonge na reli ya Tanga walilijua vizuri. Mwaka 1939 kampuni hiyohiyo ikaanzisha Baraza, gazeti la Kiswahili, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Khamisi. Miaka ya hamsini ikaongeza na Uganda Argus. Mwaka 1967 kampuni nzima ikaingia mikononi mwa Lonrho, na Februari 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere ikalitaifisha tawi la Dar es Salaam, ambalo miaka miwili baadaye likawa sehemu ya Daily News. Mti ule wenye matawi katika nchi tatu ulitokana na mbegu iliyopandwa Mombasa na mkandarasi wa Kibohora. Hakuna tawi hata moja lililokuwa la wanawe.

Nisingependa mtu afikiri kwamba haya ni mambo ya magazeti tu, au ya wakati wa ukoloni tu. Wa kwanza kabisa katika kazi yetu huko Ulaya, Johannes Gutenberg wa Mainz, aliingia katika shimo linalofanana na hili kwa mlango mwingine. Mwaka 1450 alikopa fedha kwa Johann Fust, sarafu 800 za dhahabu, kisha akakopa nyingine kama hizo kabla ya deni la kwanza kulipwa, mitambo yenyewe ikiwa rehani. Mwaka 1455 Fust alimshtaki na kushinda. Fundi mkuu wa Gutenberg, Peter Schöffer, alisimama upande wa mdai, akaendelea na Fust katika kazi, na baadaye akamwoa binti yake. Gutenberg aliujua ufundi lakini hakuangalia fedha. Jeevanjee aliijua fedha lakini ufundi aliuacha kwa wengine. Ndugu zangu, tukae tujiulize kwa ukweli kila mmoja nyumbani mwake: sisi tumeacha lipi?

Yupo pia aliyepita njia tofauti. Girdhari Lal Vidyarthi, mtoto wa familia iliyokuja na reli, alianzisha Colonial Times mjini Nairobi mwaka 1933. Yeye aliandika, alihariri, na alikuwa na kiwanda chake cha chapa. Alitoa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Miaka ya arobaini serikali ya kikoloni ilimfunga kwa makosa ya uchochezi, tena zaidi ya mara moja. Misukosuko yote ile haikuiondoa familia katika uchapaji. Wanawe waliirithi kazi na kuiendeleza kuwa kampuni ya biashara. Sidai kwamba walikuwa na bahati kuliko Jeevanjee. Walipigwa zaidi. Ila nyumbani kwao kazi ya chapa ilikuwa kazi ya kila mtu, na mtoto aliyelala akisikia mashine hahitaji kuambiwa kuwa ile si chuma tu.

Narudi Ngamiani. Rafiki yangu mmoja, mwenye kiwanda kidogo lakini cha siku nyingi, alinifuata mwaka jana kuniomba ushauri. Watoto wake watatu wamesoma, wawili wako Dar es Salaam na mmoja Arusha, hakuna anayetaka wino mikononi. Amepata mnunuzi. Sikumwambia usiuze, sina haki hiyo, na yapo mauzo ya halali na ya busara. Nilimwomba mambo mawili tu. Kwanza awaite watoto wakae kiwandani mwezi mmoja wa likizo, wapokee wateja, wakate karatasi, wasome daftari la madeni, wajue wanachokikataa. Pili amuulize mnunuzi anakitakia nini kile kiwanda. Kama atachapa madaftari ya shule, sawa. Kama anataka kile kibali, lile jina na wale wateja wa miaka 30, basi anayeuza ajue kuwa anauza hivyo, na bei yake ahesabu hivyo. Alinisikiliza. Mtoto mmoja alikuja, akakaa wiki sita badala ya nne. Bado hawajaamua.

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, mali yake ikiwa imepungua sana ukilinganisha na zile siku za reli. Ile bustani ilibaki. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo kubwa juu yake, na aliyesimama mbele kuupinga alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Bustani ikapona. Patel aliendelea kuyachimbua maisha ya babu yake, na mwaka 1997 akayatolea kitabu. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, yeye na mwenzake wakaanza kutoa jarida lao mjini Nairobi. Walilipa jina AwaaZ, neno ambalo kwa Kihindi na Kiurdu maana yake ni sauti. Ilikuwa imepita karibu miaka mia moja tangu matbaa ya Mombasa ilipouzwa.